LANGO MOJA, SHERIA MOJA
Ukaguzi wa viwanja vya ndege usiwe wa wanyonge peke yao



Siku moja, miaka si mingi iliyopita, tulikuwa katika foleni ya ukaguzi kwenye kiwanja kimoja cha ndege humu nchini. Hatutakitaja, kwa kuwa aibu yake ni aibu ya vingi. Mbele yetu alikuwa mama mzee aliyesafiri kwa ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akienda kumwona mwanawe hospitalini. Akaambiwa avue viatu, akavua. Akaambiwa afungue kilemba, akafungua, huku akiomba radhi kana kwamba ndiye mkosaji. Chupa yake ya uji ikafunguliwa, ikanuswa, ikatupwa. Wakati uo huo mlango wa pembeni ukafunguliwa. Mheshimiwa mmoja akaingia na vijana wake wanne na masanduku matatu. Mashine haikulia, maana hawakupita mashineni. Mlinzi aliyeutupa uji wa mama ndiye aliyewapigia saluti. Mama akatugeukia, akauliza kwa sauti ya chini: "Wanangu, wale nao hawakaguliwi?"

Sisi tulio mawakili, ambao kazi yetu ni kusema, tulikosa la kumjibu. Makala haya ndiyo jibu tulilomnyima siku ile.

Twasema mapema, ili asitokee mtu wa kutusingizia: hatupingi ukaguzi. Nchi hii imezika watu wengi mno hata iwe na anasa ya kuupinga. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi. Tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi ile ile hoteli ya Paradise ilipolipuliwa huko Kikambala, makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya abiria ya shirika la Arkia la Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Ni kwa rehema za Mungu tu kwamba yalikosa shabaha. Westgate mwaka 2013, Garissa mwaka 2015: majina haya hayahitaji maelezo. Kwa hiyo twataka ukaguzi, tena mkali kuliko uliopo. Tunachokipinga ni ukaguzi unaoutazama uso wa mtu kabla ya kuutazama mzigo wake. Ukaguzi wa namna hiyo hautendi haki, wala haulindi mtu.

YALIYOTUPATA MWAKA 2006

Anayedhani tunatia chumvi na aukumbuke mwezi wa Juni 2006. Tarehe 8 ya mwezi huo, raia wawili wa kigeni, Artur Margaryan na Artur Sargasyan, waliojulikana kote nchini kama ndugu Artur, walizozana na maafisa wa forodha katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kuhusu upekuzi wa mizigo iliyotoka Dubai. Maafisa walishikilia kwamba mizigo sharti ipekuliwe. Bastola zikatolewa. Ndani ya eneo ambalo mwananchi wa kawaida haruhusiwi kuingia hata na wembe, watu wenye silaha waliwatisha watumishi wa umma waliokuwa wakitimiza wajibu wao, kisha wakaenda zao. Siku ya pili yake walifukuzwa nchini, kwa haraka iliyowafanya wengi waulize kama walikuwa wakiadhibiwa au wakiokolewa wasije wakahojiwa. Maafisa kadhaa wa serikali walisimamishwa kazi, na tume ikaundwa chini ya Shedrack Kiruki, aliyepata kuwa Kamishna wa Polisi.

Jambo la kuzingatia ni hili. Watu hawa hawakuruka ua. Hawakuchimba handaki. Hawakuidanganya mashine yoyote. Walikuwa na pasi za kuingilia sehemu ambazo umma haufiki, na pasi haiotakotwi njiani kama kifungo cha shati. Kuna mkono ulioiandika, mkono ulioitia sahihi, na sauti iliyoamrisha kwa simu. Hata tungenunua mashine za eksirei za thamani ya bajeti nzima ya taifa, zisingewakamata, kwa sababu walikwisha kukingwa na kitu ambacho mashine haikioni: jina la mkubwa.

Tume ilisikiza mashahidi, ikaandika ripoti, ikamkabidhi Rais. Mwananchi, ambaye ndiye aliyehatarishwa na ndiye aliyelipa gharama za tume, hakukabidhiwa nakala. Hivyo ndivyo mambo yalivyozoeleka kwetu tangu enzi za chama kimoja: mwizi wa kuku hutangazwa jina lake sokoni, na mkubwa aliyefungua lango kwa majambazi huandikwa katika ripoti iliyofungiwa kabatini.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Wataalamu wa usafiri wa anga waliyafahamu haya zamani. Mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Chicago mwaka 1944, na mwaka 1974, baada ya miaka mingi ya utekaji nyara wa ndege, yakauongezea kiambatisho cha 17 kinachohusu usalama. Kiini cha kanuni hizo ni chepesi. Eneo linaloelekea kwenye ndege ni eneo la watu maalumu. Kila anayeingia sharti awe na sababu ya kuingia, awe amechunguzwa mwenendo wake, na akaguliwe. Abiria akaguliwe. Mfagiaji na mpakiaji wa mizigo nao wakaguliwe, pamoja na mpishi wa chakula cha ndegeni, fundi na mkuu wa walinzi mwenyewe. Kanuni hazikuandikwa hivyo kwa kuwadharau wafanyakazi. Ziliandikwa hivyo kwa sababu adui mwerevu hahangaiki na mlango wa mbele ikiwa anaweza kumnunua mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma.

Majirani zetu wa Somalia walijifunza somo hilo kwa moto. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo ilitoboka ubavu angani, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mogadishu. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya kompyuta ya mkononi. Kamera za uwanja zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa kwa msafiri na watu waliokuwa ndani tayari, upande wa pili wa ukaguzi, mmoja wao akiwa mfanyakazi wa uwanja. Aliyeshukiwa kuibeba alifyonzwa nje akafa. Ndege ikafaulu kurudi na kutua. Foleni yote ya siku ile, mikanda yote iliyovuliwa, viatu vyote vilivyowekwa mashineni, vilishindwa na mtu mmoja mwenye kitambulisho shingoni.

Wala tusiwacheke Wasomali. Mwishoni mwa Juni 2019, mtu aliyekuwa amejificha mahali pa magurudumu ya ndege iliyotoka Nairobi alianguka katika bustani ya nyumba moja huko Clapham, London, ndege ilipokaribia kutua. Twamwombea marehemu apumzike kwa amani. Umaskini uliomtuma mtu kujificha mahali pasipo na hewa ya kuvuta ni hoja ya siku nyingine. Ila swali la usalama linabaki: aliifikia vipi ndege? Mahali alipoweza kufika mtu aliyetaka kusafiri tu, angeweza kufika mtu aliyetaka kuua.

Serikali yetu yaijua kazi hii inapotaka kuifanya. Ili tukubaliwe kurusha ndege moja kwa moja hadi Marekani, abiria wa Nairobi walizoeshwa kushuka garini langoni, watembee na kupekuliwa huku gari likikaguliwa peke yake. Wanaofika wakatenganishwa na wanaoondoka. Mwezi wa Februari 2017 Wamarekani wakakipandisha daraja usafiri wetu wa anga, na tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya kwanza ya Kenya Airways ikaruka hadi New York bila kutua njiani. Twapongeza. Lakini twauliza: yaliyowezekana kwa kumridhisha mgeni, mbona yashindikane kwa kumlinda mwenyeji?

LANGO LIKIGEUZWA RUNGU

Sasa tugeuze sarafu. Lango lile lile ambalo humfungukia mkubwa bila ukaguzi, mara nyingi humfungia mpinzani bila sheria.

Sisi wa Eldoret hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1990 Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Kianglikana, dayosisi ya mji huu huu, alionywa na waziri Peter Okondo asikanyage Busia. Waziri alijifanya bawabu wa wilaya nzima. Askofu akaenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti akafa katika ajali barabarani akirejea nyumbani. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo, lakini twakumbuka nyuso za wazazi wetu jioni ile. Miaka miwili kabla yake, wakili Gibson Kamau Kuria alikuwa amenyang'anywa pasipoti asiende ng'ambo kupokea tuzo ya haki za binadamu. Alipokwenda mahakamani kudai haki yake, mlango wa mahakama nao ukafungwa. Hayo ndiyo waliyoyapigania wazee wetu walipodai vyama vingi: kwamba kuingia na kutoka katika nchi yako si fadhila ya mtu.

Vyama vingi vikaja. Katiba mpya ikaja mwaka 2010. Je, bawabu alibadilika?

Mwezi wa Februari 2018 wakili Miguna Miguna alifukuzwa nchini baada ya kushiriki hafla ya kumwapisha Raila Odinga. Aliporejea mwezi wa Machi, akiwa na amri za Mahakama Kuu za kuruhusiwa kuingia, alizuiliwa uwanjani Jomo Kenyatta, akakaa kizuizini ndani ya choo, kisha akatiwa katika ndege ya kwenda Dubai. Mawakili waliofika na amri za korti mikononi walizuiwa wasimfikie. Mahakama ikawatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja Waziri wa Usalama wa Ndani, Inspekta Jenerali wa Polisi na Katibu aliyehusika na uhamiaji, kwa kuidharau. Mwananchi huyo hakukanyaga tena nchi yake hadi Oktoba 2022. Mtu aweza kuyachukia maneno ya Miguna, na wapo kati yetu wasioyapenda. Lakini ukumbi uliojengwa kwa ajili ya kukagua mabomu ulitumiwa kuizuia karatasi ya hakimu.

Tarehe 2 Agosti 2021 zamu ikamfikia mkubwa. Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto, mwana wa kaunti hii yetu, alizuiwa katika uwanja wa Wilson asisafiri kwenda Uganda, akiambiwa hana kibali. Siku ile watu wa hapa walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Leo yeye ndiye Rais. Kwa hiyo twamkumbusha kwa heshima, na twawakumbusha wanaomshangilia: uchungu wa Wilson ulitosha kumfundisha mtu yeyote kwamba lango lisilo na sheria halina rafiki. Ilhali mwezi wa Oktoba 2024, chini ya serikali yake, wakimbizi wanne wa Kituruki walikamatwa mchana wakapelekwa Uturuki, na serikali ikakiri. Twauliza: walipitia lango gani? Ni nani aliyewakagua, na ni hakimu gani aliyeulizwa?

Ugonjwa huu hauna mipaka. Mwezi wa Mei 2025, Martha Karua, aliyepata kuwa Waziri wa Haki, na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu wa zamani, walizuiwa katika uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam walipokwenda kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu. Hawakubeba baruti. Walichobeba ni macho ya kushuhudia.

Ndipo twasema kwamba mambo haya mawili, mlango wa pembeni wa mheshimiwa na mlango uliofungwa usoni mwa mpinzani, ni jambo moja. Yote mawili yamlazimu mlinzi aache kuuliza "Una nini mkobani?" aanze kuuliza "Wewe ni mtu wa nani?" Mlinzi aliyezoezwa swali hilo la pili hawezi tena kulinda ndege. Siku gaidi atakapokuja amevaa suti, ameandamana na king'ora, mlinzi huyo atampigia saluti.

SHERIA NI MSUMENO

Katiba yetu haina utata. Kifungu cha 27 chatangaza usawa mbele ya sheria. Kifungu cha 31 chamlinda mtu dhidi ya kupekuliwa mwili wake na mali yake bila sababu. Kifungu cha 39 champa kila mtu haki ya kuondoka nchini, na kila raia haki ya kuingia na kuishi popote. Kifungu cha 24 chakubali haki hizi zipunguzwe, lakini kwa sheria iliyoandikwa, kwa kiasi kinachofaa, na kwa sababu zinazokubalika katika jamii huru. Na kifungu cha 238, ambacho wakuu wa usalama hukisahau upesi, chasema usalama wa taifa sharti ufuatwe kwa kuitii sheria na kuheshimu haki za binadamu.

Basi upekuzi wa mama yule mwenye uji ulikuwa halali kwa sharti moja tu: kwamba wote wapekuliwe. Mheshimiwa alipopitishwa kando, upekuzi wa mama ulipoteza uhalali wake ukageuka kuwa unyanyasaji.

Watatuambia kwamba viongozi wana haraka. Daktari anayekimbilia chumba cha upasuaji ana haraka zaidi, naye hukaguliwa. Watatuambia wakuu wa nchi hawapekuliwi popote duniani. Twakubali, na waandikwe katika kanuni, kwa cheo, ili orodha ijulikane mwisho wake. Watatuambia mambo ya usalama ni siri. Mahali kamera zilipofichwa ni siri, na pawe siri. Orodha ya wasiokaguliwa si siri. Hiyo ni aibu iliyovikwa joho la siri.

UWANJA WETU NI WA NANI?

Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret, ulioko kusini mwa mji upande wa barabara iendayo Kapsabet na Kisumu, ulijengwa miaka ya 1990 wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi. Wakati huo wapinzani, magazeti na wafadhili waliuliza uwanja huo ni wa nani na wa kazi gani. Swali halikuwa la dharau. Lilikuwa swali la mlipa kodi. Leo hupitiwa na wanariadha wa Iten na Kapsabet, wafanyabiashara, wanafunzi, na wagonjwa waendao hospitali za Nairobi, nazo ndege za mizigo kutoka ng'ambo zimekuwa zikitua hapa. Jibu letu kwa swali lile ni kwamba uwanja ni wa umma, na ukiwa wa umma, lango lake ni la umma.

Kwa hiyo twadai, kwa Eldoret na kwa kila kiwanja nchini:

Kwanza, kila anayevuka kuelekea kwenye ndege akaguliwe, awe abiria, mfanyakazi, askari au mbunge. Wanaosamehewa watajwe kwa vyeo vyao katika kanuni zilizochapishwa.

Pili, kila pasi iwe na jina la mwenyewe, kazi yake, mahali anaporuhusiwa, tarehe ya mwisho, na sahihi ya afisa atakayejibu kwa ajili yake. Anayeacha kazi arudishe pasi siku hiyo hiyo.

Tatu, mizigo ya ndege za mizigo ikaguliwe kwa ukali ule ule wa mkoba wa abiria, na afisa wa forodha anayekataa amri ya simu alindwe na sheria asihamishwe wala kufutwa. Maafisa wa mwaka 2006 walisimama imara mbele ya bastola. Wasiachwe peke yao tena.

Nne, abiria apekuliwe kwa heshima: mwanamke na mwanamke, mgonjwa na mzee kwa upole, mahali pa faragha. Anayedhulumiwa apate mahali pa kulalamika na ajibiwe kwa maandishi.

Tano, asizuiwe mtu kuingia wala kutoka ila kwa sababu iliyoandikwa na kupewa yeye mkononi, na wakili wake aruhusiwe kumfikia. Amri ya mahakama iheshimiwe langoni kama inavyoheshimiwa kortini.

Sita, wanaoishi kandokando ya uwanja wachukuliwe kuwa walinzi wenza. Makombora ya Mombasa yalirushwa kutoka nje ya ua. Wa kwanza kumwona mgeni wa ajabu ni mkulima, mchungaji wa ng'ombe na mwendesha bodaboda. Lakini mtu hampelekei habari askari anayemwogopa kuliko anavyomwogopa mhalifu.

Haya hayahitaji mabilioni. Yahitaji mlinzi mmoja aliye na hakika kwamba akimwambia mkubwa, "Mheshimiwa, tafadhali pitia hapa," kesho atakuwa bado ana kazi.

Ndugu zetu wa makanisa, ninyi mwayajua haya kuliko mawakili. Mtume Yakobo aliwakemea waumini waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pa mbele na kumwamuru maskini aketi chini. Bwana naye, katika Injili ya Yohana, alitufundisha tumtambue mwivi kwa ishara moja: haingii zizini kwa kupitia mlangoni. Kamati zenu za haki na amani ziyajadili madai haya. Wasomeeni waumini. Waandikieni wabunge wenu na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, mkitaja tarehe na mahali kila mnapomwona mkubwa akipitishwa kando. Ukiwa foleni, usinyamaze, uliza kwa adabu na kwa sauti ya kusikika swali la mama yule: "Wale nao hawakaguliwi?"

Swali hilo likiulizwa na mtu mmoja, litapuuzwa. Likiulizwa na foleni nzima, mlango wa pembeni utafungwa.